Mnunuzi wa Makaa na Deni la Mti

Limekuwa likirudi mara kwa mara katika mabaraza yetu swali ambalo kwa nje laonekana dogo, na kwa ndani ni kubwa. Mtu wa mji hununua gunia la makaa kwa pesa zake za halali, kwa bei waliyoridhiana yeye na muuzaji, akalitia ghalani, akapikia watoto wake. Je, baada ya hapo amebakiwa na deni lolote juu ya ule mti uliokatwa? Wako wasemao: hapana, biashara imetimia na kila mmoja amekwisha pata haki yake. Na wako wasemao: kila awashaye makaa jikoni mwake ni mharibifu wa dunia. Sisi twaona ya kwamba makundi yote mawili yamehukumu kabla ya kuijua kesi, na hukumu isiyotanguliwa na elimu haiwi hukumu, huwa ni kelele.

Basi na tuanze na jambo lenyewe. Mti ni nini, na mwili wake watoka wapi? Wengi wetu twadhani ya kwamba mti hula udongo, kama vile mbuzi alavyo majani. Mtu mmoja wa nchi ya Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alitaka kulijua hili kwa mizani, si kwa dhana. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chungu kikubwa, akapanda mche wenye uzito wa ratili 5, na kwa muda wa miaka mitano hakuutilia kitu ila maji. Mwisho wake mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua wakia mbili tu. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake. Yeye alidhani mti wote ni maji. Alikuwa amepata nusu ya jambo, na nusu ya pili ilikuwa ikimzunguka asiione: hewa.

Waliokuja baada yake waliitimiza hiyo nusu. Joseph Priestley wa Uingereza, mwaka 1771, aliona ya kwamba hewa iliyoharibiwa na moto wa mshumaa hutengenezwa tena na jani bichi likiwekwa ndani yake. Jan Ingenhousz, mwaka 1779, akaonyesha ya kwamba jani halifanyi kazi hiyo ila katika nuru ya jua. Na Nicolas-Théodore de Saussure, mwaka 1804, akathubutisha kwa vipimo ya kwamba mti huichukua hewa ya ukaa, ukaichanganya na maji, na kutokana na viwili hivyo ukajijengea mwili wake. Leo lajulikana wazi ya kwamba karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni kaboni. Na hilo neno kaboni, kwa asili yake katika lugha ya Kilatini, maana yake ni makaa. Kwa hivyo sisi tusemao "hewa ya ukaa" tumesema kweli tupu: makaa yalikuwa hewani kabla hayajawa mtini, na kutoka mtini yanarudi hewani.

Sasa na tuutazame mti mahali ulipo. Katika njia ya reli itokayo Mombasa kwenda Nairobi, katika nchi ya Makueni, kuna mji uitwao Sultan Hamud. Jina hilo si geni kwetu watu wa pwani, kwani ni la Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hata 1902, siku zile reli ilipokuwa ikijengwa. Twapita hapo kwa gari, twaona nyika ya migunga na nyasi, twasema: hapa hapana kitu. Lakini hapo pana kazi kubwa ifanywayo bila ya sauti. Nchi hiyo hupata mvua mara mbili kwa mwaka, za mwezi wa Machi hata Mei, na za Oktoba hata Disemba, na hizi za mwisho ndizo zitegemewazo zaidi na wakulima wa Ukambani. Jani la mgunga lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Likitaka kuivuta hewa ya ukaa halina budi kuvifungua, na likivifungua hupoteza maji. Kwa kila sehemu moja ya ukaa iingiayo, sehemu mamia za maji hutoka. Kwa hivyo mti wa nyika ni kama mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo: kila siku hupima faida na hasara, na kiangazi kikizidi huangusha majani, ukafunga duka, ukangoja mvua.

Na hicho ulichokipata mti haukikusanyi chote. Karibu nusu yake huirudisha hewani wenyewe kwa kupumua, kwani mti nao hupumua kama sisi, usiku na mchana. Sehemu nyingine huanguka kuwa majani makavu, yakaliwa na mchwa na vijidudu vya ardhini, nao wakapumua, ukaa ukarudi. Nyasi huliwa na ng'ombe au huungua. Sehemu ndogo hukaa katika shina miaka thelathini au hamsini, na sehemu nyingine hukaa udongoni muda mrefu zaidi, ikaufanya udongo uwe mweusi na ushike maji. Wataalamu wakadiria ya kwamba mimea yote ya nchi kavu duniani huvuta hewani kiasi cha tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka, na karibu hizo zote hurudi. Na tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 zilionyesha ya kwamba nchi kame kama hizi, tunazozidharau, zina sehemu kubwa katika kufanya mwaka mmoja uvute ukaa mwingi na mwingine uvute mchache. Mvua ikinyesha nyikani, dunia nzima huvuta pumzi.

Tukiyajua haya, twaweza sasa kuisikiliza hoja ya mtetezi wa gunia. Yeye husema: "Mmekubali wenyewe ya kwamba mti umetokana na hewa. Mimi nimeuchoma, ukaa umerudi hewani ulikotoka. Aliyekopa amelipa. Deni liko wapi?" Hoja hii si ya kipumbavu, wala haifai kujibiwa kwa matusi. Lakini ina kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni ya muda. Mti uliokusanya kwa miaka thelathini huchomwa kwa siku chache. Hewa haikupewa nafasi ya kupokea kidogo kidogo kama ilivyotoa. Mzunguko hauwi mzunguko ila ukiwa na kurudi pande zote mbili. Kisiki kikiachwa kikachipua, na migunga mingi huchipua ikikatwa vyema, basi baada ya miaka ukaa ule utavutwa tena na hesabu itasawazika. Lakini kisiki kikingolewa, au machipukizi yakaliwa na mbuzi kila yatokapo, hapo mkopo haukulipwa. Hapo ameuawa mlipaji mwenyewe. Na mtu achukuaye mali kisha akamuua yule ambaye angeilipa, hatuwezi kusema ya kwamba ametoka katika deni.

Kasoro ya pili ni ya kipimo. Mnunuzi hulitazama gunia akadhani ndiyo kuni zote zilizochomwa. Sivyo. Katika ratili 100 za kuni kavu zitiwazo katika tanuri la udongo lililo la desturi, hutoka ratili 10 hata 20 za makaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi, na katika moshi ule mna hewa nyingine, kama methani, ishikayo joto kuliko ile hewa ya ukaa ambayo mti ungeirudisha kwa kuoza. Kwa hivyo abebaye gunia moja nyumbani amekwisha bebewa mengine mengi yaliyopotea porini, wala hakuyaona.

Kasoro ya tatu ni ya ardhi, nayo yatugusa sisi watu wa pwani kwa mlango mwingine. Nchi ikivuliwa miti, mvua ya kwanza huuchukua ule udongo mweusi tuliousema. Mito ya Makueni humiminika katika mto Athi, na Athi ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, nao hutokea baharini karibu na Malindi. Wavuvi wa Malindi waijua sana ile bahari nyekundu ya siku za mvua. Ule ni udongo wa bara. Gunia limepita kwa barabara hata jikoni, na shamba la yule aliyelichoma limepita kwa mto hata baharini, likafunika matumbawe ambamo samaki huzaliwa. Mwenye kudhani ya kwamba mambo ya Ukambani hayamhusu, na aulize bei ya samaki.

Hata hivyo, hatutaki msomaji afunge ukurasa huu akadhani ya kwamba mchoma makaa ndiye adui. Haki yataka tutazame pande zote. Iko tofauti kubwa baina ya kaboni ya mti na kaboni ya mafuta ya ardhini. Ile ya mti ilikuwa hewani jana, na yaweza kurudi mtini kesho. Ile ya mafuta, ya gesi na ya makaa ya mawe ilizikwa mamilioni ya miaka, na mwenye kuifukua huongeza katika hewa kitu ambacho hakikuwa katika hesabu. Katikati ya karne ya kumi na nane, kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa palikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ya ukaa. Charles David Keeling alipoanza kuipima katika mlima Mauna Loa, mwaka 1958, zilikuwa zimefika kiasi cha 315. Leo zimepita 420. Ongezeko hili, kwa sehemu yake kubwa, halikutoka katika tanuri za Ukambani. Limetoka katika viwanda, magari na mitambo ya mataifa tajiri.

Na mtu akisema: tani bilioni 10 hivi zitokazo kila mwaka katika mafuta na makaa ya mawe ni nini mbele ya bilioni 120 za mimea? Twamjibu: waulize wenye maduka. Duka lenye mapato 120 na matumizi 120 halifilisiki. Lakini likitumia 10 zaidi kila mwaka, na lisipate wa kulifidia, siku moja mlango utafungwa. Nayo miti ya nchi kavu, pamoja na udongo wake, huchukua kila mwaka zaidi ya robo ya ukaa tuutoao wanadamu. Yaani mgunga wa Sultan Hamud, pamoja na wenzake wa dunia nzima, unalipa deni la gari ambalo mwenye shamba hakulipanda kamwe. Kwa hivyo mwenye gari asimkemee mwenye tanuri kama kwamba yeye hana lake.

Isitoshe, mchoma makaa hachomi kwa kupenda moshi. Mara nyingi ni mkulima ambaye mvua za Oktoba zimemkosa, mahindi yamekauka, na karo ya mtoto yadaiwa. Kwake mti ni akiba ya mwisho. Kumwambia asikate, na kumwacha na njaa yake, si nasaha, ni kumwongezea mzigo. Na historia ya nchi ile ile yatufunza jambo. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni, kwa hoja ya kuhifadhi udongo, iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu ikawauza. Maelfu walikwenda Nairobi kulalamika, na kiongozi wao Muindi Mbingu akakamatwa akapelekwa kifungoni Lamu. Nguvu ile haikuponya udongo. Kilichouponya, katika miongo iliyofuata, ni wakulima wenyewe kuchimba matuta ya fanya juu, kupanda miti mipakani na kupata soko la mazao yao. Habari hizo zimeelezwa katika kitabu kilichotoka mwaka 1994 juu ya nchi ya Machakos, ambayo zamani ilikuwa imeikusanya Makueni. Watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa, na ardhi ikawa imetengenea kuliko ilipokuwa na watu wachache.

Katika siku zetu pia tumeona makatazo. Kanuni za makaa za mwaka 2009 zilitaka leseni. Mwaka 2018 Serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, na serikali ya Kitui ikazuia makaa yasitoke katika mipaka yake. Zuio lile la Serikali kuu lilidumu hata lilipotangazwa kuondolewa mwaka 2023. Makaa yalipanda bei, mengine yakasafiri usiku, lakini hayakukoma. Kwa nini? Kwa sababu vyungu vya mijini havikukoma. Anayekataza mkono ukatao na kuliacha tumbo lilalo, amefunga mlango na kufungua dirisha.

Hapa ndipo jawabu letu lilipo. Deni lipo, na sehemu kubwa yake iko kwa mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye hiari zaidi. Mchomaji ana njia chache, na sisi tuna nyingi. Kadiri hiari inavyozidi, ndivyo dhima inavyozidi. Kulipa bei hakumtoi mtu katika dhima hiyo, kwa sababu bei iliwaridhisha wawili waliokuwapo, na wako wengine wenye haki ambao hawakuulizwa: mwenye shamba la jirani, mvuvi wa Malindi, na mtoto ambaye hajazaliwa. Mali isiyo na mlinzi ni amana kwa kila aigusaye.

Ni vipi basi deni hili hulipwa? La kwanza ni kupunguza. Jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hutumia makaa machache sana kuliko jiko la bati tupu. Mwenye kuweza kulinunua asilinunue amefanya israfu kila siku. Na israfu iliyo kubwa zaidi mwaijua: ni zile harusi zetu ambazo hupikwa biriani ya kuwalisha watu elfu, nusu ikatupwa, na magunia yakateketezwa ili tusemwe vyema siku tatu. Mgunga wa miaka thelathini umekufa kwa ajili ya sifa ya Ijumaa moja.

La pili ni kuuliza. Twauliza nyama imechinjwaje. Ni uzito gani kuuliza makaa yametoka wapi, yana idhini au hayana, yametokana na matawi na miti iliyopandwa, au na visiki vilivyong'olewa? Muuzaji akiulizwa na mmoja atacheka. Akiulizwa na mtaa mzima atajifunza jawabu.

La tatu ni kurudisha, na kurudisha mahali penye upungufu. Kupanda mwarobaini mmoja ukutani Mombasa ni jambo jema, lakini hakuurudishi mgunga wa Makueni. Huko wako wakulima wanaopanda mukau, mti wa kwao uvumiliao ukame na utoao mbao nzuri, na chuo cha utafiti wa misitu kimefanya kazi nyingi Kitui na Kibwezi kuupatia mbegu bora. Jumuiya zetu zichangazo pesa kwa mambo mengi zaweza kuchangia miche hiyo.

Na wako waliopata njia nyingine: kulipwa kwa kuuacha mti ukiwa umesimama. Kasigau, katika nchi ya Taita, hati za ukaa zilianza kuuzwa mwaka 2011, na Gazi, huko Kwale, wenyeji wameuza tangu mwaka 2013 ukaa ulioshikwa na mikoko yao, wakapata maji na vifaa vya skuli. Sheria ya mwaka 2023 yataka miradi ya ardhini itoe asilimia 40 ya mapato yake kwa wenyeji. Wengine wauliza: yafaa kuuza kisichoshikika? Wanazuoni wa biashara wamesharutisha kitu kiuzwacho kijulikane kadiri yake, kimilikiwe na muuzaji, na kiweze kukabidhiwa. Sisi twaona ya kwamba malipo haya yakifahamiwa kuwa ni ujira wa kulinda, hayana ubaya, maadamu kipimo ni cha kweli na wenye ardhi hawakudanganywa. Lakini yakifahamiwa kuwa ni ruhusa ya tajiri kuendelea kuchafua kwa kuwa amekwisha lipa, basi yamekuwa kama mtu alipiaye swaumu ya mwenzake naye akala mchana.

Wapo watakaosema: tuhamie gesi, tustarehe. Gesi ni kaboni ya kale, kama tulivyoeleza, wala haikosi deni lake. Lakini pale ambapo mti hauoti tena na tanuri lapoteza sehemu kubwa ya kuni, mara nyingi mtungi wa gesi huwa na madhara machache kuliko gunia. Na pale ambapo mti hupandwa ukakatwa kwa zamu na kuchomwa katika tanuri zuri, makaa huweza kuwa bora kuliko gesi. Hukumu yafuata hali. Jambo lisilobadilika ni kwamba mtu ajue atumiacho kimetoka wapi na chaenda wapi.

Enyi ndugu zetu, mti hauna ulimi wa kudai wala wakili wa kuutetea. Deni lisilodaiwa ndilo limpimalo mtu uaminifu wake, kwani lile lidaiwalo hulipwa hata na mwizi. Hewa tuivutayo asubuhi ilipita katika jani la mtu mwingine, katika nchi ya mtu mwingine, nasi hatukulipa chochote. Basi angalau tusiwe watu wa kulivunja tawi na kudai kivuli. Na Mwenyezi Mungu ndiye wa kutuwafikia.